Mechi Jumamosi na tena Jumatano: miili ya wachezaji irudishweje katika hali yake?

Kocha Msaidizi, Ilemela

Habari zenu, wakuu. Mimi ni kocha msaidizi wa timu inayoshiriki mashindano ya ngazi ya mkoa hapa Mwanza, na naomba ushauri kwa wenye taaluma ya afya ya michezo pamoja na waliowahi kucheza mpira wa ushindani. Ratiba ya mzunguko huu inatutaka tucheze Jumamosi na Jumatano, na kila tukifika mchezo wa Jumatano wachezaji wangu, hasa mabeki wa pembeni na viungo, huonekana wazito tangu kipindi cha kwanza. Hawaufikii mpira wa pili, wanachelewa kurudi kukaba, na kuanzia dakika ya 70 hivi utawaona wawili au watatu wamelala chini wakishika vigimbi.

Utaratibu tulioukuta katika timu ni kwamba Jumapili asubuhi kikosi kizima huzunguka uwanja kwa mbio ndefu "ili kutoa asidi miguuni", kisha wanaopenda huenda ziwani kuogelea. Mwenye maumivu hujinunulia diclofenac kwenye duka la dawa, na wapo ambao sasa huimeza hata kabla ya mechi kama tahadhari. Baada ya filimbi ya mwisho timu hutoa soda na andazi, halafu kila mtu anashika njia ya kwao. Ieleweke kuwa hawa si wachezaji wa kulipwa: wapo wanaoendesha bodaboda, wapo mafundi ujenzi, na wawili hupakua samaki mwaloni usiku. Hatuna daktari wa timu wala mtaalamu wa tiba ya viungo.

Naomba kujua kama mbio za Jumapili zina faida yoyote, kama tunapaswa kutafuta barafu kama tunavyoona timu kubwa zikifanya, na kama fedha kidogo tulizonazo zinatosha kwa jambo moja tu, jambo hilo liwe lipi.

Mtaalamu wa tiba ya viungo, Dodoma

Mwalimu, naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo linaloamua mengine. Fedha mlizonazo zinunue chakula kamili cha kuliwa ndani ya saa moja au mbili baada ya mechi, na mabadiliko ya pili, ambayo hayana gharama, ni kuziondoa mbio za Jumapili. Barafu na kuchua vina nafasi yake, lakini nafasi hiyo ni ndogo kuliko picha za mitandaoni zinavyotuaminisha.

Imani kuhusu asidi imeenea sana hata miongoni mwa makocha wazoefu. Asidi hiyo, yaani laktiki, inayozalishwa wakati wa mbio kali huondoka katika damu na misuli ndani ya saa moja hivi, hata kama mchezaji amekaa tu kwenye benchi akinywa maji, kwa hiyo aliyemaliza mechi saa 12 jioni ya Jumamosi hana asidi yoyote ya kutoa Jumapili asubuhi. Maumivu anayoyasikia siku hiyo, na ambayo mara nyingi huzidi Jumatatu, yanatokana na madhara madogo sana ndani ya nyuzi za misuli, yanayotokea zaidi pale misuli inapolazimika kufanya kazi huku ikirefuka: mchezaji anapojisimamisha ghafla akiwa kwenye kasi, anapogeuka kumfuata winga, anapotua baada ya kuruka kupiga kichwa. Ndiyo maana mabeki wako wa pembeni wanaumia kuliko wengine, maana kazi yao yote ni kukimbia kasi na kusimama. Kuwapa mizunguko ya uwanja siku inayofuata ni kuwaongezea mzigo uleule uliowachosha.

Lipo na suala la akiba ya wanga ndani ya misuli, ambayo kitaalamu huitwa glaikojeni. Dakika 90 za mechi huipunguza akiba hiyo kwa kiasi kikubwa, na kuijaza upya kunaweza kuchukua saa 48 hadi 72 hata kwa anayekula vizuri. Mwanafiziolojia wa Sweden, Bengt Saltin, alionyesha tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwamba wachezaji wanaoanza mechi wakiwa na akiba pungufu hukimbia umbali mfupi na hutembea sana uwanjani, hasa kipindi cha pili. Maelezo hayo yanafanana mno na ulichokieleza kuhusu Jumatano. Kutoka Jumamosi jioni hadi Jumatano jioni mna saa 96, muda ambao unatosha kabisa, isipokuwa ninyi mnapoteza saa 24 za kwanza kwa soda, andazi na mbio.

Kuna hatari nyingine ambayo kocha haioni kwa macho. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika timu moja ya Scotland iliyokuwa ikishiriki Ligi ya Mabingwa Ulaya, ukilinganisha wiki za mechi moja na wiki za mechi mbili. Umbali ambao wachezaji walikimbia uwanjani haukubadilika kwa maana yoyote, lakini majeraha yalipanda kutoka takriban 4 hadi takriban 26 kwa kila saa 1,000 za kucheza na kufanya mazoezi. Kwa maneno mengine, mchezaji anaweza kukuonyesha kwamba yuko sawa, akakimbia kama kawaida, na bado misuli ya nyuma ya paja ikachanika dakika ya 60 kwa sababu haikuwa imepona.

Ningekushauri Jumapili uwagawe kwa dakika walizocheza. Waliocheza zaidi ya saa moja wapumzike, au watembee na kuendesha baiskeli taratibu kwa dakika 20 kama wanajisikia kufanya hivyo. Ambao hawakucheza, au waliingia dakika za mwisho, hao ndio wafanye mazoezi makali, kwa sababu wasipofanya watapungua pumzi na utawahitaji Jumatano. Jumatatu mchezo mwepesi wa kupiga pasi unatosha kwa wote. Jumanne fanya mazoezi ya mbinu yasiyozidi dakika 45, na mbio fupi chache za kasi ili kuiamsha miguu.

Kuhusu dawa nitasema bila kuzunguka: usiruhusu mchezaji ameze diclofenac au ibuprofen kabla ya mechi kama kinga. Dawa hizi hupunguza damu inayoingia kwenye figo, na mchezaji anayetoka jasho juani huku amepungukiwa maji anazibebesha figo zake mizigo miwili kwa pamoja, mbali na vidonda vya tumbo. Tena maumivu yakinyamazishwa, mchezaji anaendelea kukimbilia jeraha ambalo lingemfanya asimame. Jiri Dvorak, alipokuwa mganga mkuu wa FIFA, alikemea waziwazi matumizi ya kiholela ya dawa hizi katika Kombe la Dunia, ambako kila timu ina madaktari. Ninyi msio na daktari mna sababu kubwa zaidi ya kuziepuka.

Nimalizie na ziwa. Maji yanayosaidia kupunguza maumivu ya misuli ni ya nyuzi joto 10 hadi 15, na mchezaji hukaa humo kwa dakika 10 hadi 15. Ziwa Victoria huwa karibu na nyuzi 25, kwa hiyo baridi hiyo haipo. Nafuu wanayoisikia inatokana na kuelea, na mgandamizo wa maji miguuni, na kucheka na wenzao. Ningeiacha ifanyike kama kusingekuwa na kichocho, lakini fukwe za ziwa hilo zina kichocho, na sioni busara ya kumtibu mchezaji uchovu wa siku tatu kwa kumwingiza kwenye ugonjwa unaomnyonya damu kwa miaka. Wanaoogelea humo mara kwa mara wapelekeni wakapimwe.

Beki wa zamani, Mbeya

Naheshimu maelezo ya mtaalamu, na kuhusu dawa za maumivu naunga mkono kila neno, kwa kuwa ninawafahamu wenzangu wa zamani ambao matumbo yao hayakupona. Hata hivyo, kuna jambo ambalo mtu aliyewahi kuvaa viatu vya mpira atalisema na vitabu huwa havilisemi sana. Ukiwaambia vijana wapumzike nyumbani Jumapili, wengi hawatapumzika. Atakayeitwa kazini ataenda, atakayekutana na marafiki baada ya ushindi atakunywa hadi usiku, na wewe kocha utawaona Jumatatu bila kujua nani alichechemea. Mazoezi yetu ya Jumapili, ambayo nayo yalikuwa ya kukimbia polepole na kunyoosha viungo, yalikuwa na thamani ya kutukusanya. Mwalimu alitupita mmoja mmoja akitutazama tunavyotembea, na aliyeumia hakuweza kujificha.

Kuhusu pombe, naomba isipitwe kimyakimya kana kwamba ni suala la nidhamu tu. Usiku wa baada ya mechi ndio usiku ambao mwili unajenga misuli, na bia nyingi huharibu usingizi na kuongeza upungufu wa maji ambao mtu alitoka nao uwanjani.

Katika suala la baridi sisi wa Mbeya tumebarikiwa, kwani mwezi wa Juni na Julai maji ya bomba asubuhi hayahitaji barafu. Tulikuwa tukijaza mapipa yaliyokatwa nusu, tunasimama hadi kiunoni, na miguu ilikuwa inapata nafuu ya kweli. Sikubali kwamba yalikuwa mawazo tu. Jambo jingine ni safari. Timu inayotoka Mbeya kwenda Dar es Salaam kwa basi hukaa kitini zaidi ya kilomita 800, na ukifanya hivyo usiku uleule wa mechi unashuka miguu imevimba na mgongo umekakamaa. Kama kuna uwezekano wa kulala na kusafiri asubuhi, laleni. Kama hakuna, basi linaposimama watu wachimbe dawa, kocha ahakikishe kila mchezaji ameshuka na kutembea, hata yule anayejifanya amesinzia.

Ningependa pia mtaalamu aseme kuhusu kunyoosha viungo, maana tulifundishwa kwamba ndiyo dawa ya kwanza ya maumivu ya siku inayofuata.

Mtaalamu wa tiba ya viungo, Dodoma

Kaka, hoja yako ya kuwakusanya vijana nimeikubali, na naibadilisha kauli yangu kwa kiasi hicho: wakutanike Jumapili, ila wakutanike kwa ajili ya kuangaliwa na kula pamoja, na wala si kwa ajili ya kukimbia. Kocha awe na daftari, na kila mchezaji ataje kwa namba, kuanzia 1 (hali mbaya) hadi 5 (hali nzuri), amelala vipi, misuli inauma kiasi gani na uchovu wake ukoje. Baada ya wiki chache kocha atamjua kila mtu kwa kawaida yake, na siku ambayo anayetaja 4 kila mara ametaja 2 hatahitaji mashine kumwambia kwamba kuna tatizo.

Kunyoosha viungo hakuna ubaya, na kama kunamfanya mtu ajisikie mwepesi aendelee. Ila mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2011 na Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yalionyesha kwamba kunyoosha kabla au baada ya mazoezi hupunguza maumivu ya siku zinazofuata kwa kiwango kidogo mno, kiasi kwamba mchezaji mwenyewe asingeitambua tofauti. Kuchua misuli kunafanya vizuri zaidi katika kupunguza maumivu, ingawa hakuirudishi kasi. Mapipa yenu ya Mbeya sikuyakanusha, kwani maji ya bomba ya asubuhi ya Julai huko kwenu yanaweza kabisa kuwa ndani ya kipimo nilichokitaja. Nitaongeza tahadhari moja tu: yatumike katikati ya mechi zilizobanana. Kipindi cha maandalizi ya msimu, wakati mnanyanyua vyuma ili kujenga nguvu, baridi ya kila siku baada ya mazoezi hupunguza faida ya mazoezi yenyewe.

Afisa lishe, Morogoro

Nimeisoma mada hii kwa sababu neno chakula limetajwa na halikufafanuliwa, na kocha hawezi kwenda sokoni na neno tupu. Tuchukue mchezaji wa kilo 65. Muda wa kurejea ukiwa mfupi, mapendekezo ya lishe ya michezo ni gramu 1 hadi 1.2 za wanga kwa kila kilo ya mwili kwa saa, katika saa nne za mwanzo, na katika siku nzima inayofuata mechi jumla iwe gramu 6 hadi 8 kwa kilo. Kwa huyu wetu ni kati ya gramu 390 na 520 za wanga kwa siku, kiasi ambacho andazi halifikii hata kwa mbali. Robo kilo ya unga wa sembe ikipikwa ugali ina karibu gramu 190 za wanga, ndizi mbivu ya wastani ina kama 25, na mnaweza kuongeza viazi vitamu, wali na uji kadiri mifuko inavyoruhusu. Soda si adui katika saa ya kwanza, kwa kuwa sukari yake inaingia haraka. Kosa ni kuifanya ndiyo mlo.

Protini inayofaa kwa kila mlo ni gramu 20 hadi 25, na ninyi wa Mwanza mnaishi juu ya hazina. Dagaa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, hivyo gramu 40 tu zinamtosha mchezaji kwa mlo mmoja, kwa bei ambayo unga wa protini wa kopo hautaifikia kamwe. Mayai yana gramu 6 kila moja na glasi ya maziwa ina kama 8. Ningemwomba mama lishe wa jirani na uwanja apike sufuria moja ya wali, maharage na dagaa, iwe tayari wachezaji wanapovua viatu, kuliko kumpa kila mmoja fedha mkononi, kwa sababu fedha mkononi huishia kwenye mahitaji ya nyumbani, na siwalaumu kwa hilo.

Maji nayo yapimwe. Mkiwa na mzani, mchezaji apimwe kabla na baada ya mechi akiwa na nguo chache. Kila kilo iliyopungua anywe lita moja na nusu, taratibu, katika saa zinazofuata, pamoja na chakula chenye chumvi. Maji matupu kwa wingi hupita tu na kutoka kama mkojo, kwa kuwa chumvi iliyotoka na jasho haijarudishwa. Maziwa na mtindi hufanya kazi hii vizuri sana, wakati madafu yana potasiamu nyingi lakini sodiamu yake ni ndogo. Aliyepungukiwa sana anaweza kuchanganyiwa lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote viwe vya kusawazishwa. Chumvi isizidishwe kwa kudhani kwamba ikizidi inasaidia zaidi.

Kocha Msaidizi, Ilemela

Nawashukuru sana wote. Suala la mama lishe nimeshalipeleka kwa katibu wa timu na limekubaliwa kwa mechi zilizobaki. Nimebakiwa na maswali mawili. La kwanza, hao wanaobanwa na vigimbi dakika ya 70, tatizo lao ni chumvi au ni jambo jingine? La pili ni gumu zaidi: kati ya wale wawili wanaopakua samaki usiku, mmoja ni beki wangu wa kulia tegemeo, na siwezi kumwambia aache kazi inayomlisha yeye na mdogo wake.

Mtaalamu wa tiba ya viungo, Dodoma

Chumvi na maji huchangia, hasa kwa wanaobaki na alama nyeupe za jasho kwenye jezi, lakini misuli kubana mwishoni mwa mechi mara nyingi ni dalili ya uchovu wa misuli na mishipa ya fahamu inayoiamrisha, ndiyo maana huwapata dakika ya 70 na si ya 20. Wakianza kula na kupumzika kama tulivyosema, utaona wanapungua. Anayebanwa kila mechi hata baada ya hapo, mwongezee mazoezi ya nguvu ya vigimbi, kusimama kwa vidole vya mguu mmoja na kushuka polepole, yafanyike mwanzoni mwa wiki isiyo na mechi ya katikati.

Kuhusu beki wako wa kulia, mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 hadi 9, na mwanamichezo anastahili kuwa upande wa juu wa kipimo hicho, kwa hiyo anayetoka mwaloni alfajiri hana budi kulala mchana. Mazoezi yake yahamishiwe jioni, na asiitwe asubuhi kwa sababu tu wenzake wameitwa. Alale mara anapofika nyumbani, katika chumba chenye giza, simu ikiwa mbali, kisha aongeze dakika 20 au 30 kabla ya kuja uwanjani. Pia uhesabu kazi yake kama mazoezi: aliyebeba makasha ya samaki usiku kucha amekwisha kufanya mazoezi ya nguvu ya siku hiyo, hata kama hukuyapanga wewe.

Usiku ambao ningeupigania ni wa Jumanne. Muulize analipwa kiasi gani kwa usiku mmoja, na muone kama kamati inaweza kumfidia usiku huo mmoja tu kabla ya mechi ya Jumatano. Kama haiwezekani, mwanzishe benchi Jumatano na umwingize dakika 30 za mwisho, na yule kijana uliyemfanyisha mazoezi makali Jumapili aanze badala yake.